Mtanda Haung'olewi Kabla ya Uzinduzi

"Vuta! Msiupe nafasi ya kupumua, vuta!"

Mama Chausiku, mwenyekiti wa Kamati ya Maji ya kijiji cha Mlimbo, alikuwa mbele kabisa ya kamba, kanga ameifunga kibwebwe, visigino vimezama ardhini. Nyuma yake walijipanga wanawake wa kamati, na nyuma ya wanawake wanaume wachache walioshindwa kupata udhuru asubuhi ile. Upande wa pili wa kamba ulikuwapo mtanda, mti wa miiba wenye shina nene kama paja, uliojishikiza kwenye ukingo wa chemchemi kama mtu aliyeambiwa aachie cheo.

Sikudhani alikuwa amepiga magoti shinani, akikata mzizi mkuu kwa shoka, pigo moja moja bila haraka. Yeye ndiye aliyekuwa ofisa misitu wa tarafa, na kijiji kizima kilimwita Bibi Miti. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alipokuwa na wasiwasi alinyamaza, na alipokuwa na furaha alinyamaza vilevile, hata watu wakazoea kumsoma kwa jinsi anavyoshika shoka.

Mzizi ukakatika. Mti ukang'oka wote kwa mkupuo, na kamati nzima ikaanguka chali, mwenyekiti akiwa juu ya mweka hazina.

Hakuna aliyecheka. Wote waliinuka wakakimbilia shimo na kuinama. Mwanzoni palikuwa na udongo tu. Halafu udongo ukabadilika rangi. Halafu, taratibu kama mtu anayeamka, maji yakaanza kujikusanya chini, kiasi cha kujaza kata moja ya kuchotea.

Mama Chausiku alichovya kidole, akakilamba. "Ya baridi," alisema, na hapo ndipo vigelegele vikapasuka.

Msomaji asione ajabu watu kupigia kata moja ya maji vigelegele. Jamhuri ya Sitawi, ambayo iko mbali sana na nchi yoyote anayoifahamu, ilikuwa na taabu ya mvua. Masika yalipoacha kuja mwezi wa tatu, Serikali, ambayo haipendi kuona wananchi wakisubiri bure, iliyahamishia mwezi wa sita. Yalipokosa kuja mwezi wa sita, redio ilitangaza kwamba yapo likizo. Joto nalo liliongezeka kila mwaka, na kwa kuwa kila kinachoongezeka nchini humo huhesabiwa kuwa mafanikio, liliwekwa kwenye hotuba, baada ya barabara na kabla ya michezo.

Mtanda ulikuja katikati ya taabu hiyo. Uliletwa na mtaalamu kutoka ng'ambo ili uzuie mchanga, na kweli uliuzuia. Ulizuia pia malisho, njia za ng'ombe na milango ya nyumba zilizofungwa muda mrefu. Mbuzi walikula maganda yake matamu, wakazunguka nayo tarafa nzima, wakauotesha kila walikopumzika. Miti mingine ilipokuwa ikikauka kwa jua, mtanda ulizidi kunawiri. Mizizi yake ilishuka chini kuliko kisima chochote, na ilipofika kwenye maji haikuwa na mazoea ya kubakiza.

Sasa chemchemi ya Mlimbo ndiyo iliyobaki peke yake katika tarafa nzima. Ofisi ya Uhamisho ilikuwa imekwisha kutoa kauli: mwisho wa kiangazi watakuja na ndoo. Ndoo ikijaa kati ya asubuhi na adhuhuri, kijiji kitabaki. Isipojaa, watu wote watapakiwa kwenye malori wapelekwe Kituo cha Muda. Watu wa kijiji jirani walikuwa wamepelekwa huko zamani. Waliingia wakiwa wachumba, na sasa walikuwa wakiozesha watoto wao hukohuko.

Ndiyo maana kata moja ilipigiwa vigelegele, na ndiyo maana hakuna aliyesikia gari likisimama.

*

Aliyeshuka garini alikuwa Bwana Mavura, Afisa Itifaki wa Wilaya. Alivaa suti nyeusi kwenye jua lile, na alikuwa na leso mbili, moja ya kufutia jasho, nyingine ya kukaa mfukoni ionekane. Alitazama miti iliyolala chini, huo na mingine iliyotangulia kung'olewa tangu alfajiri, akatazama mashimo, akashika kichwa.

"Jamani! Mmefanya nini?"

"Tumeng'oa mtanda, baba," alisema Mama Chausiku. "Karibu unawe mikono, maji yamerudi."

"Kwa uzinduzi gani?"

Watu walitazamana.

"Wizara ilitangaza kwamba mtanda ung'olewe mara moja," alisema Sikudhani kwa sauti yake ya chini.

"Mara moja baada ya uzinduzi, Bibi Sikudhani! Kampeni ya Taifa ya Kung'oa Mtanda itazinduliwa hapa hapa Mlimbo, na Mheshimiwa Waziri mwenyewe, keshokutwa. Yeye ndiye wa kung'oa mti wa kwanza. Sasa nikuulize, wewe ni mtu uliyesoma. Mti wa kwanza uko wapi?"

Sikudhani alitazama mti wa kwanza. Ulikuwa umelala miguuni mwa mweka hazina.

"Baba yangu," alisema Mama Chausiku, "mti umeshatoka. Unataka tuuombe radhi?"

"Mtaurudisha."

"Wapi?"

"Ulikotoka. Yote. Mheshimiwa anakuja kuona hali halisi. Hii," alisema Bwana Mavura, akizungusha mkono juu ya mashimo yaliyoanza kung'aa maji, "siyo hali halisi."

Ingekuwa nchi nyingine, labda pangetokea ubishi. Lakini katika Jamhuri ya Sitawi kazi iliyofanywa bila kuzinduliwa haihesabiwi kuwa imefanyika. Kuna madaraja yenye miaka kumi ambayo watu huyapita kwa kuinama, kwa heshima, kwa sababu hayajakatiwa utepe. Basi kamati ikachukua mitanda, ikairudisha shimoni, mmoja mmoja, ikaishindilia udongo.

Kufikia alasiri majani yalianza kunyauka. Bwana Mavura alipita katikati yake kama daktari wodini.

"Hii haitafika keshokutwa. Imwagilieni."

"Kwa maji yapi?" aliuliza Sikudhani.

Bwana Mavura aliitazama tu chemchemi, kisha akaitazama saa yake.

Hivyo ndivyo wanawake wa Mlimbo walivyoshinda wakiteka kata baada ya kata, maji waliyoyatolea jasho, wakiinywesha mitanda. Mama Chausiku alimimina ya kwake akiinamisha kichwa. "Kunywa, mheshimiwa. Kunywa usije ukasema Mlimbo hatuna adabu."

Mti mmoja ulitengwa kwa ajili ya Waziri. Huo mizizi yake yote ilikatwa, ukasimamishwa kwenye udongo laini. Bwana Mavura aliujaribu mwenyewe kwa mkono. Haukutakiwa kuwa mgumu ukamwaibisha Mheshimiwa, wala mwepesi hata ionekane hakuna alichofanya. Waliushindilia na kuulegeza mpaka akaridhika kwamba una ugumu wa kiwango cha uwaziri.

*

Lililobaki lilikuwa mti wa kumbukumbu. Nchini humo mgeni rasmi hawezi kuondoka mahali bila kupanda mti. Akifungua choo cha shule, atapanda mti. Akija kwenye mazishi, atapanda mti. Kwa hiyo mgeni wa kung'oa miti naye ilibidi apande.

Bwana Mavura alifungua buti ya gari. Miche ya mivule aliyotoka nayo mjini ilikuwa imekauka njiani, imebaki vijiti.

"Hii ni mara ya tano mwaka huu," alisema kwa unyonge, na kwa mara ya kwanza Sikudhani alimwonea huruma. "Kila mti nikitoa kitaluni unakufa. Mvule, mkangazi, hata mwarobaini. Wazee wanasema nina mkono mbaya. Mimi mkono wangu umefanya nini? Ni jua."

"Kule bondeni nimechomeka vipande vya mkuyu," alisema Sikudhani. "Vingine vyote nilivyojaribu vimekufa, lakini kimoja cha mkuyu kimeshika. Kina majani matatu. Mkuyu unaliweza jua hili, na ukikaa karibu na maji unayatunza. Mheshimiwa angepanda kipande kama kile."

"Kijiti?"

"Kitaota."

"Bibi Sikudhani! Mheshimiwa achomeke kijiti mbele ya kamera? Tena mkuyu, mti ambao hata ndege wanaupanda bure?"

Alizunguka chemchemi akitafuta kitu cha kijani. Hakikuwapo ila kimoja. Kando ya shimo kubwa ulikuwa umechipua mtanda mchanga, ulionyooka, wenye majani mororo. Bwana Mavura aliuchimbua kwa uangalifu, akautia kwenye chungu, akaukata miiba kwa mkasi wa kukatia utepe, akauzungushia karatasi ya kumeremeta.

"Huo ni mtanda," alisema Sikudhani.

"Bado mdogo," alijibu Bwana Mavura. "Hatuhukumu watoto."

"Utakua."

"Utakua mimi nikiwa nimekwisha kuhamishwa. Tuuite mti wa mapambo. Na utapandwa hapa." Alionyesha kwa kidole cha mguu mahali penye udongo mwepesi kuliko kote, ili jembe la Mheshimiwa lisipate taabu. Palikuwa kwenye jicho lenyewe la chemchemi.

Sikudhani alisema hapana. Alilisema kwa sauti ambayo hata Mama Chausiku hakuwahi kuisikia, akaeleza kwamba hapo ndipo maji yote yanapotokea, na kwamba mtanda ukikua hapo hakutakuwa na ndoo wala kata. Bwana Mavura alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha akasema jiwe la kumbukumbu, la kusimama mbele ya mti wa Mheshimiwa, limekwisha kuchongwa, na upande wa pili pana mwamba, na jiwe haliwezi kusimamishwa juu ya mwamba.

*

Waziri wa Mimea na Mambo Yajayo, Mheshimiwa Dakta Shangwe, aliwasili saa ambayo hata mijusi walikuwa wamejificha. Kwaya iliimba wimbo wa kuulaani mtanda, beti nyingi, huku mitanda yenyewe ikiwa imesimama nyuma yake, imenyweshwa, inameremeta.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa. "Mtanda ni mvamizi. Uliingia nchini bila kubisha hodi, ukakaa bila kibali, ukazaa bila mpango. Serikali iliuvumilia kwa sababu ni Serikali sikivu. Lakini uvumilivu una mipaka, na mipaka hiyo leo nimekuja nayo kwenye gari!"

Makofi.

"Wataalamu wananiambia tabianchi inabadilika. Nimewauliza, imeomba ruhusa kwa nani? Wamekosa jibu. Nami nasema mbele yenu, hatuwezi kuendeshwa na hali ya hewa ambayo haikuchaguliwa na mtu! Chemchemi hii itatoa maji. Nimeagiza. Na ikishindwa, itaeleza kwa maandishi!"

Makofi zaidi, kwa sababu Bwana Mavura alikuwa amesimama nyuma ya kwaya akiongoza kwa leso.

Mheshimiwa alikunja mikono ya shati, akashika mtanda wake, akavuta. Ulitoka kwa urahisi uliomshtua hata yeye. Aliunyanyua juu kama kombe, na kamera zikapiga. Kisha akapelekwa kwenye jicho la chemchemi, akapewa jembe lililofungwa utepe, akapanda mtanda.

"Mti mzuri," alisema akipapasa majani. "Unaitwaje?"

"Mti wa mapambo, Mheshimiwa," alisema Bwana Mavura, na jasho lake halikuwa la jua peke yake.

Pazia likavutwa. Jiwe lilikuwa pana kama meza, limeota kwenye kitako cha saruji, limeandikwa kwa herufi za dhahabu: MTI ULIO MBELE YA JIWE HILI ULIPANDWA NA MHE. DKT. SHANGWE KATIKA UZINDUZI WA KAMPENI YA KUNG'OA MTANDA. Kila mtoto wa Sitawi anaijua sheria ya mawe hayo. Mti ulio mbele ya jiwe haukatwi, haung'olewi, hauhamishwi, na hauegemewi.

Msafara ukaondoka. Jioni redio ikatangaza kwamba kampeni imefanikiwa.

*

Kampeni ikiwa imefanikiwa, watu wa Mlimbo waliweza sasa kuanza kung'oa mtanda.

Haikuwa rahisi kama mwanzo. Mitanda ile iliyonyweshwa maji ya baridi ilikuwa imeshika upya, tena kwa shukrani. Ilichukua kiangazi kizima, lakini Sikudhani alipanga zamu, akaenda nayo kipande kwa kipande, na kila walipotoa mti alichomeka kijiti cha mkuyu au kufunika pale kwa nyasi.

"Kwa nini tusipaache wazi tupumue?" Mama Chausiku alimuuliza siku moja.

"Ukipaacha wazi, mtanda unarudi kabla hujageuka."

"Basi turudishe miti ya bibi yangu. Hapa palikuwa na msitu, mwanangu, mchana ulikuwa unaogopa kupita."

"Ile ilizoea mvua ya wakati wa bibi yako, mama. Mvua ile haipo. Kuna itakayokubali kubaki na sisi, na kuna ambayo hatutaiona tena. Kazi yetu kujua ni ipi."

Mama Chausiku aliguna. "Hivyo vijiti vyako ndivyo vimekubali?"

"Kile kimoja. Sasa kina majani tisa."

"Tisa! Basi tumeshapata msitu."

Mitanda yote ilitoka, isipokuwa ule mmoja. Huo ulikua kama uliosikia hotuba. Ulipita magoti, ukapita kiuno, ukampita mtu kimo, miiba ikarudi mirefu kuliko ya wazazi wake. Na kadiri wenzake walivyoondolewa ndivyo ulivyokunywa kwa niaba yao. Kata ikawa haijai. Ofisi ya Uhamisho ikatuma taarifa kwamba itakuja na ndoo Ijumaa.

Sikudhani alipanda basi mpaka wilayani. Alimkuta Bwana Mavura ofisini, chini ya feni isiyozunguka.

"Naomba kibali tuuhamishe," alisema. "Siombi kuuua. Kuuhamisha tu."

Bwana Mavura alifunga mlango. "Dada yangu, niambie ukweli. Mimi nakutakia mabaya?"

"Sijasema hivyo."

"Unamkumbuka Afisa Itifaki aliyenitangulia? Mti wa Naibu Spika ulimfia. Sasa ni mlinzi wa mnara wa taa za meli."

"Si kazi mbaya."

"Mnara uko jangwani! Walihesabu kwamba bahari itapanda mpaka huko, wakajenga mapema." Alijifuta uso kwa leso ya kuonyesha. "Na mti wako ule ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu Mheshimiwa anaupenda. Kila mwezi napeleka picha. Ameitundika juu ya kiti chake. Amepanda miti nchi nzima, yote imekufa, ameishia kupigwa picha na vijiti. Huu ndio wa kwanza uliomkubali. Anawaonyesha wageni. Anasema, 'Huyu ni wangu.' Nikamwambie nini?"

Sikudhani alikuwa amekuja na hasira, akaona hana pa kuiweka.

"Nitakusaidia kwa ninaloweza," alisema Bwana Mavura mwishowe. Na kweli alisaidia. Siku iliyofuata alituma askari wa kuulinda mti.

*

Askari huyo alikuwa mgambo aitwaye Feruzi, mtu mrefu, mtaratibu, aliyekuja na kiti chake mwenyewe cha kukunja. Alikifungua karibu na mtanda, akakaa, akaweka rungu mapajani.

"Afande," Mama Chausiku alimwendea, "wewe una mama?"

"Ninaye."

"Anakunywa maji?"

"Anakunywa."

"Na ulimwambia unakuja kufanya kazi gani?"

"Kulinda mti ulio mbele ya jiwe," alisema Feruzi bila kukasirika. "Ndivyo nilivyoambiwa. Mti ulio mbele ya jiwe, usiguswe na mtu."

"Na mimi nikiugusa?"

"Nitakukamata, mama. Nitakuomba radhi kwanza, halafu nitakukamata."

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Sikudhani alikuwa amesimama pembeni, amesikia yote. Alilitazama jiwe, akautazama mti, akalitazama jiwe tena. Alikwenda akachuchumaa karibu na kiti.

"Afande Feruzi, naomba nikuulize ili nisije nikakosea. Unalinda mti gani?"

"Ulio mbele ya jiwe."

"Siyo huu mtanda?"

"Sikuambiwa jina. Niliambiwa ulio mbele ya jiwe."

"Na jiwe lenyewe? Nalo unalilinda?"

Feruzi alifikiri. Alikuwa mtu ambaye akifikiri, huacha mengine yote, hata kupepesa macho.

"Hapana," alisema. "Jiwe sikuambiwa. Mimi ni askari wa mti. Wangetaka jiwe lilindwe wangeleta mtu wa jiwe. Serikali haikosi watu."

"Kwa hiyo jiwe likisogea?"

"Likisogea, bibi, mimi nasogea. Nitafanyaje? Kazi ni kazi."

Mama Chausiku alikwisha kuondoka. Alikuwa anakimbia kuelekea nyumbani, anaita watu kwa majina.

Mpango wa Sikudhani ulikuwa mwepesi kuueleza. Jiwe litolewe kwenye jicho la chemchemi, litelemshwe bondeni, lisimamishwe mbele ya mkuyu wenye majani tisa. Mkuyu utakuwa mti wa Mheshimiwa, hautaguswa na mbuzi wala na shoka maisha yake yote. Na mtanda utabaki mti wa kawaida usio na mtu wa kuutetea. Lakini jiwe la uwaziri halichongwi ili lihamishwe. Kitako chake kilikuwa kimekwenda chini kama jino la gego. Walikichimba mpaka jua likawa la utosi. Wakaliinua kwa mitaimbo, wakalilaza kwa upole, uso ukiangalia juu.

"Sasa liko mbele ya nini?" aliuliza mweka hazina.

Feruzi alitazama mbinguni kwa makini. "Hapo sina la kulinda," alisema, akatumia nafasi hiyo kula.

Walilisimamisha tena juu ya magogo ya mitanda, wakaanza kuliviringisha, wengine wakivuta kwa kamba, wengine wakichukua gogo la nyuma na kuliwahisha mbele. Likisogea hatua, Feruzi anakunja kiti, anasogea hatua, anakifungua. Jiwe lilipouelekea mchongoma, aliulinda mchongoma. Lilipomwelekea mbuzi wa mweka hazina, alisema mbuzi si mti, akamruhusu apite.

"Afande," Sikudhani aliuliza kutoka nyuma, shoka mkononi, "na ule mtanda?"

Feruzi aligeuka, akauangalia kama anayeuona kwa mara ya kwanza. "Ule? Ule ni mti tu."

Basi nusu ya watu wakabaki na jiwe, na nusu wakarudi na Sikudhani kwenye jicho la chemchemi. Walichimba kuuzunguka mtanda, udongo ukatoka mkavu kama unga. Wakafika usawa wa goti, bado mkavu. Wakafika usawa wa kiuno, na mzizi mkuu ulikuwa bado unashuka, mnene, mwekundu. Sikudhani aliushambulia kwa pigo lake lilelile la bila haraka. Alipofika nusu yake shoka lilianza kurudi na tope kwenye makali. Alichukua donge la udongo, akalifinya. Halikudondosha tone, lakini lilishikamana, likabaki na alama za vidole vyake.

Alimpa Mama Chausiku alishike. Mama Chausiku alilishika muda mrefu.

Chini kidogo pakasikika mlio wa kuvunjika, na sauti za wanaume zikilaumiana. Gogo la mbele lilikuwa limepasuka. Jiwe la Mheshimiwa lilikuwa limekwama, wima, herufi zake za dhahabu zikitazama bustani ya tembele ya Mama Chausiku.

Mikono ilikuwa imechubuka, na jua lilikuwa linatua. Sikudhani alitazama umbali uliobaki mpaka kwenye mkuyu, akatazama nusu ya mzizi iliyobaki, akasema, "Basi kwa leo. Alhamisi yote ni yetu. Kesho tukate magogo mapya kwanza, jiwe likishuka ndipo tumalizie mzizi."

"Na ndoo inakuja Ijumaa," alisema mtu.

"Inakuja Ijumaa. Leo ni Jumatano."

Watu wakaanza kutawanyika. Mama Chausiku alifungua kibwebwe, akachukua ungo, akaenda bustanini kuchuma mboga ya jioni. Alipoinama tu, alisikia kiti kikikunjuliwa nyuma yake.

"Mama, samahani," alisema Feruzi. "Hairuhusiwi."

"Nini hairuhusiwi?"

"Hilo liko mbele ya jiwe."

"Hili ni tembele langu! Nimelipanda mimi!"

Feruzi alisoma herufi za dhahabu taratibu, kidole kikifuata. "Hapa wameandika lilipandwa na Mheshimiwa."

"Mheshimiwa huyu anajua tembele? Hata kulitofautisha na mchicha hajui!" Mama Chausiku aliweka ungo kichwani kwa hasira, akashika kiuno, halafu kitu kikamshinda, akaanza kucheka mpaka akashika jiwe lenyewe asianguke. "Bibi Miti, njoo unisaidie! Nimeozwa kwa Waziri na mboga yangu!"

Sikudhani alikuja, akapima kwa macho. "Afande, mbele ya jiwe panaishia wapi?"

Feruzi alisimama nyuma ya jiwe, akalenga kwa rungu kushoto na kulia, kama fundi. "Panaishia kwenye kingo zake. Lile la pembeni silioni."

Mama Chausiku akachuma la pembeni, akinung'unika kwamba ndilo lililoliwa na wadudu. Alipomaliza alimwambia Feruzi kwamba chakula kikiiva atamletea sahani, ila asitegemee nyama. Feruzi akashukuru. Alivuta kiti chake, akakaa katikati ya matuta, mgongo wima, akilinda.

Sikudhani alikuwa amekwisha kuchukua shoka na kuanza kupanda njia ya nyumbani alipomsikia akiita.

"Bibi! Kesho nihame saa ngapi?"